Mtu wa Karibu wa Bwana Sila

Simu iliita Jumatano, saa saba na robo mchana, wakati ule ambao Loisi hana mkono wa ziada. Mmoja ulikuwa na upawa wa maharage, mwingine umeshika sahani, na mbele yake walijipanga mafundi na vibarua thelathini na kitu wa jengo la ghorofa lililokuwa likipanda ng'ambo ya barabara, pale Ihumwa, upande wa relini. Upepo ulikuwa umeamka na vumbi lake, turubai la kibanda likipigapiga. Simu yenyewe ilikuwa na kilema: tangu itumbukie kwenye ndoo ya maji siku ya Pasaka haikusikika mpaka iwekwe spika. Loisi akaibonyeza kwa kidole gumba, akaiegemeza kwenye kopo la chumvi, akaendelea kupakua.

"Haloo, habari za mchana? Naongea na Mama Erica?" Ilikuwa sauti ya msichana, laini kama ya mtangazaji wa redio.

"Ndiye mimi. Sema, mwanangu."

"Mama, napiga kutoka Shina Jema Tiba Lishe. Bwana Sila Matonya amekuandika wewe kama mtu wake wa karibu. Nampigia yeye tangu juzi hapokei. Tulitaka kujua, ile dozi ya tezi dume imemsaidiaje? Mkojo bado unakatikakatika, au sasa unatoka vizuri?"

Upawa ulibaki hewani. Kwenye foleni mtu mmoja alikohoa, kwenye benchi mwingine akaacha kutafuna.

"Na upande wa chumbani, mama, unaona mabadiliko yoyote?"

Hapo kicheko kikapasuka. Loisi alikimbilia kukata simu, lakini kidole kilikuwa na mchuzi, kikateleza kwenye kioo bila kitu kutokea. Msichana akaendelea kueleza kwa adabu zote kwamba wiki hii kuna ofa, ukinunua chupa mbili ya tatu ni bure. Loisi akafuta kidole kwenye kanga, akabonyeza tena, sauti ikakatika.

"Chupa mbili, mama!" alipayuka Elisha, kijana wa kupiga plasta. "Mchukulie mzee, ya tatu ni bure!"

"Wewe Elisha, unataka nyama au mchuzi mtupu?" Loisi alijibu, na sauti yake ilitoka kavu kuliko alivyotaka. Foleni ikasogea. Alipakua sahani zilizobaki bila kumtazama mtu usoni.

Sila mwenyewe alikuwa juu, ghorofa ya tatu, akimalizia mstari wa matofali. Ilikuwa desturi yake kushuka wa mwisho, watu wakiwa wamepungua. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na sita, fundi mwashi anayeheshimika, mzee wa kanisa, mwenye maneno machache. Aliposhuka siku hiyo alikuta benchi zima limenyamaza.

"Mbona kimya? Kuna msiba?"

Loisi akampa ugali na vipande viwili vya nyama badala ya kimoja. Elisha, ambaye sasa aibu ilikuwa imeanza kumwingia, akainuka kumpisha.

"Kaa hapa, mzee. Pole sana."

"Pole ya nini?"

"Basi tu, mzee. Pole na kazi."

Sila alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa amegeuka, anasugua sufuria ambayo bado ilikuwa na chakula ndani.

*

Jioni, jua likiwa bado juu ya vilima, Loisi alimkuta amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, anaosha mwiko wake wa uashi na timazi ya kupimia ukuta. Alivuta ndoo akaigeuza, akaikalia mbele yake.

"Baba Erica, tezi dume ni ya nani?"

Sila hakuinua macho. "Umeambiwa na nani?"

"Na msichana nisiyemjua. Mbele ya watu thelathini. Ameniuliza mkojo wako unatokaje, akaniuliza na ya chumbani. Sikuwa na la kumjibu hata moja, kwa sababu mimi ninayelala na wewe sijui."

Kwanza alikana. Akasema ni matapeli, mji siku hizi umejaa matapeli. Kisha akapandisha sauti, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akasema hajampa mtu yeyote namba yake. Loisi alimwacha amalize. Alikuwa ameishi naye miaka thelathini na mmoja, na alijua kwamba Sila akigomba huwa anajigombeza mwenyewe.

"Wamesema umeniandika mimi. Mtu wa karibu."

Mwiko ukawekwa chini.

"Fomu haikukubali kwenda mbele bila jina la mtu wa karibu," alisema taratibu. "Na namba yako ndiyo pekee ninayoijua kwa kichwa."

Yakatoka yote, kidogo kidogo, kama mtu anayetoa miiba. Ilikuwa mwezi wa nne sasa. Anasimama chooni mpaka miguu inachoka, na akitoka anahisi kama hajaenda. Marehemu kaka yake alianza hivyohivyo, wakamzika ndani ya mwaka. Hospitali aliogopa: aliogopa kipimo, na zaidi aliogopa jibu. Siku moja wakati wa mapumziko ya kazini akaandika kwenye simu yake janja lile tatizo, likaja jina la Shina Jema. Akafungua. Kabla hajasoma hata mstari mmoja, ukajitokeza ubao mkubwa ukafunika maandishi yote, ukiwa na kitufe cha kijani: Nakubali.

"Ulikuwa umeziba njia," alisema. "Kama mtu amesimama mlangoni. Nikabonyeza apite."

"Unakubali nini?"

"Sikusoma. Nani anasoma?"

Baada ya hapo ikaja fomu ya ushauri wa bure. Baada ya fomu, programu ya kupakua kwenye simu ili imkumbushe saa za dawa. Programu nayo ikaomba hiki na kile, naye akabonyeza Ruhusu, Ruhusu, Ruhusu, akitaka tu kufika mwisho. Dawa ikaja kwa mtu wa pikipiki, chupa ya kimiminika cha rangi ya kahawia, shilingi themanini na tano elfu. Aliificha ndani ya mfuko wa vifaa. Haikumsaidia kitu zaidi ya kumharisha.

"Tangu siku ile simu hainiachi," alisema. "Nikifungua habari za mpira, tezi dume. Nikifungua mahubiri, tezi dume. Hata nikitazama bei ya saruji wananiletea picha ya mzee ameshika kiuno. Nikajua sasa hata simu imeniona ninavyooza."

Loisi alikuwa na hasira alizozibeba tangu saa saba mchana, na sasa hakujua aziweke wapi.

"Mimi umenificha," alisema. "Simu umeiambia. Mimi ndiye wa karibu wa kuandikwa tu, wa kuambiwa siye."

Sila aliuchukua tena ule mwiko, akausugua mahali ambapo hapakuwa na uchafu.

*

Walidhani yameishia hapo, kumbe ile programu ilikuwa imechota majina yote yaliyomo kwenye simu ya Sila, mia mbili na kumi na mawili. Ijumaa asubuhi kila mmoja wa hao alipokea ujumbe mmoja: *Habari! Rafiki yako SILA MATONYA anatumia Shina Jema kwa afya ya tezi dume. Wewe je? Bonyeza hapa upate punguzo.*

Wa kwanza kupiga alikuwa Batholomeo, kaka mkubwa wa Loisi, kutoka Kibakwe. Alipiga saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na Loisi akalazimika kumsikiliza kwa spika, Sila akiwa pembeni na kikombe cha uji.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Loisi, shemeji anakufa hamniambii?"

"Hafi, kaka."

"Hafi vipi na ametuma ujumbe? Mpaka kinyozi wangu ameupata! Nije na gari la mizigo au nije na basi?"

"La mizigo la nini, kaka?"

"Nilikuwa nawaza tu mambo ya... basi. Mwambie ajikaze."

Baada yake akapiga Erica, binti yao aliyeolewa Zuzu, analia. Akapiga mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akapiga mwalimu wa kwaya. Mchungaji hakupiga. Alituma ujumbe kwamba wanamwombea, na Sila akauona huo mzito kuliko wote, maana "wanamwombea" ilimaanisha wengi. Jumapili hakwenda kanisani. Alisema ana kazi ya kukarabati banda la kuku, na kuku wao walikuwa wanne.

Jumatatu alipofika kazini, fomeni Halfani alimsubiri chini ya ngazi. Halfani hakuwa mtu mbaya. Ndiyo maana alishindwa kumtazama.

"Mzee Sila, leo usipande."

"Kwa nini nisipande?"

"Nimeona ule ujumbe. Sote tumeuona. Ukizidiwa huko juu, ukaanguka, mimi nitamwambia nini mwenye jengo? Nenda kapumzike. Lete cheti cha daktari kwamba unafaa, nafasi yako ipo."

"Halfani, mimi nimekufundisha wewe kushika mwiko."

"Najua, mzee. Ndiyo maana nasema nawe huku pembeni."

Haikuwa pembeni. Vibarua wawili walikuwa wamesimama na toroli la mchanga, hawaendi mbele wala hawarudi nyuma. Sila alichukua mfuko wake, akavuka barabara, akapita kibandani kwa Loisi bila kusimama. Loisi alimwona mgongo tu. Akazima jiko la pili, akamwachia msaidizi wake kibanda, akamfuata.

"Hatuendi nyumbani," alimwambia alipomfikia. "Tunakwenda kwa Mwanne."

*

Mwanne alikuwa jirani yao wa siku nyingi, mjane, mtoto wa mjini Dodoma wa vizazi, mwenye duka dogo la steshenari kando ya barabara kuu. Alitoa nakala, alichapa barua, na zaidi ya yote aliwajazia watu fomu za mtandaoni: za vyuo, za ajira, za vitambulisho, za viwanja. Kutwa alikuwa anapambana na tovuti, akizisemesha peke yake kama mtu anayefukuza mbuzi.

Aliwasikiliza bila kucheka, na Sila alimshukuru moyoni kwa hilo. Kisha akaandika jina la Shina Jema kwenye kompyuta yake, ukurasa ukafunguka, na ule ubao ukajitokeza.

"Ndio huu?"

"Ndio huo," alisema Sila, akiutazama kama mtu anayemtambua mwizi wake.

"Kaka Sila, ukifungua tovuti, inaweka kitu kidogo ndani ya simu yako. Kama kikaratasi cha kumbukumbu. Kingine kina kazi ya maana. Ukijaza fomu nusu, umeme ukakatika, ukirudi kinakukumbuka, huanzi upya. Bila hicho mimi hapa nisingekula. Lakini kipo kingine ambacho kazi yake ni kukufuata. Unatoka kwenye dawa unakwenda kwenye mpira, chenyewe kimeshatangulia kusema: huyu anayekuja ametoka kuulizia tezi dume. Kwa Kiswahili vinaitwa vidakuzi."

"Vidakuzi," Sila alirudia. "Kama udaku?"

"Hivyohivyo. Aliyevipa jina hakukosea."

"Sasa mbona hawasemi?"

"Wanasema. Tazama." Akawageuzia kioo. Kitufe cha kijani cha Nakubali Zote kilikuwa kipana kama mlango wa gari. Chini yake, kwa herufi za kijivu ambazo Loisi aliziona baada ya kuinama, paliandikwa: *chagua mwenyewe*. Mwanne akabonyeza hapo. Ikashuka orodha ndefu, kila mstari na swichi yake, na zote zilikuwa zimewashwa tayari.

"Hii ni ya matangazo. Hii ni ya kujua uko wapi. Na hapa wanasema wanaweza kuwapa taarifa zako wabia wao mia moja themanini na nne."

"Mia moja themanini na nne!" alisema Sila. "Hata harusini kwetu hawakufika."

Loisi alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi na kilimshtua mwenyewe, maana kilikuwa cha kwanza tangu Jumatano.

"Wewe siyo mjinga, kaka," Mwanne aliendelea. "Mtu mwenye maumivu hasomi kurasa kumi na nne. Wanalijua hilo. Lakini sheria ya taarifa binafsi ipo hapa kwetu, na mambo ya ugonjwa wa mtu ni katika yale yanayolindwa zaidi. Lazima uridhie, na uridhie unaelewa. Na ukishaelewa ukataka kuondoa ridhaa yako, unaiondoa. Halafu hao mia mbili waliotumiwa ujumbe, kwani wao waliridhia lini? Loisi, wewe uliulizwa?"

"Mimi niliulizwa mkojo," alisema Loisi.

Wakaanza kazi. Mwanne aliichukua simu ya Sila, akamwonyesha mahali pa mipangilio, lakini hakubonyeza yeye. Alimwachia Sila abonyeze kwa kidole chake kinene chenye nyufa za saruji. Akaondoa ruhusa ya majina, akaondoa ya mahali alipo, akaifuta programu, akafuta vidakuzi vyote. Kila simu ilipouliza *Una uhakika?* alisoma mpaka mwisho, kwa sauti, ndipo akabonyeza. Ilichukua karibu saa nzima, na wateja wawili wakaondoka kwa kuchoka kusubiri.

Kisha barua. Sila alisimama wima, mikono nyuma, akatamka:

"Mimi Sila Matonya, fundi ujenzi, nikiwa na akili timamu..."

"Kaka, huu siyo wosia."

"Basi andika wewe."

Mwanne akaandika: kwamba anaondoa ridhaa yake, kwamba wafute jina lake, la mkewe na majina ya watu wote yaliyochukuliwa kwenye simu yake, wawaambie na wabia wao wafanye hivyo, wamjibu kwa maandishi, na wasipofanya atapeleka malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sila alitia sahihi polepole, kila herufi mahali pake. Barua ikapigwa picha, ikatumwa kwa anwani iliyokuwa imefichwa chini kabisa ya ukurasa.

"Elfu moja mia tano," alisema Mwanne. "Karatasi na wino. Maneno ni ya ujirani." Kisha, akiwa anatafuta chenji, akauliza bila kuwatazama: "Na hospitali, wamesemaje?"

Sila akatazama viatu vyake, Loisi akatazama barabara.

"Ohoo," alisema Mwanne.

*

Walikwenda kesho yake. Loisi hakufungua kibanda, kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya mama yake. Walipanga foleni ya kadi, foleni ya malipo, foleni ya kumwona daktari, na katika kila moja Sila aliulizwa anaumwa nini na kila mara akajibu "tumbo" huku akitazama sakafu.

Daktari alikuwa mwanamke, hajafikisha miaka arobaini. Sila alisita mlangoni.

"Shikamoo baba. Karibu."

"Marahaba. Mwanangu, huna mwenzako wa kiume?"

"Yupo, baba, ila yuko chumba cha upasuaji mpaka saa nane. Ukitaka kumsubiri, hakuna tatizo, nitakuandika kwake. Hiari ni yako."

Sila alitazama benchi lililojaa watu huko nje. Akaingia. Daktari akafunga mlango, akahakikisha umefunga, akakaa.

"Kabla hatujaanza. Huyu ni mama nyumbani?"

"Ndiye."

"Unaridhia akae hapa tukizungumza, au asubiri nje? Yoyote utakayochagua ni sawa."

Loisi alikuwa ameshainuka nusu. Alijisikia uso ukiwaka, kwa maana hakujua mumewe atajibu nini, na alijua kwamba jibu lolote lingekuwa haki yake. Sila alichukua muda. Tangu mambo haya yaanze, huyu alikuwa wa kwanza kumuuliza kitu kisha akanyamaza kusubiri jibu.

"Akae," alisema. Kisha akaongeza, akiwa anamwambia daktari lakini macho kwa mkewe: "Nilipaswa kumleta mapema."

Akaeleza yote. Safari hii hakusema tumbo. Alipoulizwa mara ngapi, alisema mara ngapi. Alipoulizwa kuhusu chumbani alisema nako, na Loisi akatikisa kichwa kukubaliana, naye daktari akaandika kama anayeandika bei ya vitunguu. Kilifuata kile kipimo ambacho Sila hakuwahi kumsimulia mtu, kisha damu, kisha utrasaundi. Ile chupa ya kahawia Loisi alikuwa ameibeba kwenye mkoba. Daktari aliisoma karatasi yake mbele na nyuma.

"Hawakuandika kilichomo. Usinywe tena, baba."

Majibu yalipangwa kutoka Alhamisi ya wiki iliyofuata. Siku hizo tisa zilikuwa ndefu. Sila alikarabati banda la kuku mpaka likawa imara kuliko nyumba za watu. Hawakuzungumza sana, lakini jioni Loisi alipokuwa akichambua mlenda, Sila alikuja kukaa karibu, na mara moja akasema, pasipo kuulizwa: "Leo naogopa." Loisi akamjibu: "Na mimi." Wakaendelea kukaa hivyo mpaka mboga ikaisha kuchambuliwa.

Alhamisi, daktari alifunga tena mlango, akauliza tena kama mama akae, na Sila akasema akae.

"Tezi imevimba, baba, lakini ni uvimbe wa kawaida wa umri. Wanaume wengi wa rika lako wanao. Damu yako haina dalili ya saratani. Nakupa vidonge, utakunywa kimoja kila siku, urudi tuonane baada ya miezi mitatu."

"Rudia," alisema Loisi.

Daktari akarudia.

"Hapo pa saratani. Parudie."

"Mama, hakuna dalili ya saratani."

Loisi aliomba arudie mara ya tatu, na daktari, ambaye huenda alikuwa na wagonjwa arobaini nje, akarudia. Hapo Loisi akajifunika uso na kanga, mabega yakaanza kutikisika, na Sila hakujua kama analia au anacheka mpaka aliposhika mkono wake na kukuta kwamba ni vyote viwili.

Walipoomba cheti cha kazini, daktari aliandika mstari mmoja tu: *Anafaa kwa kazi yake ya kawaida.* Sila alikigeuza nyuma akitafuta mengine.

"Hujaandika ugonjwa."

"Fomeni wako anahitaji kujua kama unaweza kupanda ngazi. Unaweza. Mengine ni yako."

Nje ya geti palikuwa na mama anauza zabibu kwenye mifuko. Wakanunua mfuko mmoja, wakasimama juani wakazila bila kuziosha, wakitema mbegu barabarani kama watoto wa shule. Sila alitoa simu akampigia Batholomeo. "Shemeji," alisema, "ni mimi mwenyewe nakuambia, siyo simu. Sifi. Gari la mizigo libebe mahindi yako."

*

Jibu la Shina Jema lilikuwa limeshafika kwa Mwanne siku nne kabla, mistari mitatu: taarifa zimefutwa, wabia wamearifiwa, samahani kwa usumbufu.

"Tutajuaje kama ni kweli?" Sila aliuliza.

"Hatujui. Lakini nakala ya barua ninayo, na majibu yao ninayo. Wakipiga tena, tunakwenda Tume." Hawakupiga tena. Matangazo nayo yalififia. Simu ikarudi kumletea mabati, pampu za maji na magoli ya Jumamosi.

Halfani alikisoma cheti akiwa amesimama, akakikunja vizuri, akamkabidhi mwenyewe kofia ya kazi. Kibandani Elisha alisema, "Karibu mzee," akanyamaza, akala.

Jumapili Sila alikwenda kanisani. Wakati wa shuhuda aliinuka, kitu ambacho hakuwahi kufanya katika miaka yote ya uzee wake wa kanisa, na Loisi upande wa akina mama akashika benchi la mbele kwa vidole vyote.

"Mmepata ujumbe kuhusu mimi," alisema Sila. "Sikuwatumia mimi. Nilibonyeza kitu bila kusoma, kikasema kwa niaba yangu. Sasa nasema mwenyewe. Ni kweli niliumwa, nikaogopa, nikanunua chupa. Nimekwenda hospitali, nimepimwa, ni ugonjwa wa kawaida, nina dawa. Anayetaka kuniuliza, nyumbani kwangu ni palepale. Bwana asifiwe." Akakaa. Kanisa zima lilichelewa kuitikia amina.

Wa kwanza alikuja Jumatatu jioni, akasema anaazima timazi. Wa pili alikuja Jumanne, akaulizia mbegu za alizeti, msimu wake ukiwa umepita zamani. Jumatano walikuja wawili kwa nyakati tofauti, nusura wagongane getini, na kila mmoja akajifanya anapita njia. Loisi aliwakaribisha, akawapa chai, kisha akaingia ndani na kurudisha mlango. Aliwasikia wakinong'ona na mumewe huko uani, sauti za wanaume wazima zikitafuta maneno.

Alipoondoka wa nne, Loisi alitoka na sinia kukusanya vikombe.

"Huyu naye?" aliuliza. "Ana nini? Ni ileile, au ni kingine?"

Sila aliweka kikombe chake juu ya sinia.

"Mama Erica, ya kwangu nitakuambia yote, kila siku, hata usipouliza. Ya huyu siwezi. Hajaniruhusu."

Loisi alifungua mdomo kubisha, akaufunga. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka vikombe vikagongana, na Sila akasogea kwenye benchi kumpa nafasi, naye akaweka sinia chini, akakaa.